Tabu ya Kujitakia

Wateja wengi walimjua fundi makochi kwa mgongo kabla ya kumjua kwa sura. Karakana yake ilikuwa na mlango mmoja tu, na yeye alipenda kufanya kazi akiuelekea ukuta wa ndani, ameinama juu ya fremu ya mbao, misumari midogo ameibana midomoni na nyundo mkononi. Ukimsalimu aliitikia kwa pua mpaka misumari iishe. Hapo ndipo alipogeuka, akakuomba radhi na kukukaribisha ukae, na wewe usione pa kukaa, maana kila kiti mle ndani ama hakijaisha, ama kina mwenyewe.

Kazi hiyo aliirithi kwa mjomba wake, na aliipenda. Aliamini kwa moyo wote kwamba mtu anayehangaika mchana kutwa ana haki ya kupata mahali pazuri pa kuketi jioni. Wengine wanajenga misikiti na makanisa, alikuwa akisema, yeye anajenga mahali pa kushushia pumzi.

Mkewe alikuwa mpiga pasi. Sehemu kubwa ya maisha yake iliishia katika chumba cha kufulia cha hoteli moja, chumba chenye mvuke wa kukata pumzi, akinyoosha mashuka ya watu ambao hakuwahi kuwaona. Wenzake walimbandika jina la Bibi Pasi, naye akalipokea vizuri, kwa sababu hata ulimi wake ulikuwa wa moto. Mle ndani hakukuwa na viti. Msimamizi alikuwa na imani kwamba kiti huzaa uvivu. Basi Bibi Pasi alisimama asubuhi, akasimama mchana, akasimama na mimba ya binti yao mpaka siku chache kabla ya kujifungua. Jioni alirudi nyumbani miguu imeumuka kama unga uliotiwa hamira. Fundi alimtengea beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, naye akaitumbukiza miguu humo, akafumba macho na kusema, "Mwenzangu, siku nikiacha kazi hii, sitasimama tena hata ukipigwa wimbo wa taifa."

Fundi alicheka kila mara, na kila mara akamwahidi kwamba siku hiyo ikifika atamtengenezea kiti ambacho hajawahi kumtengenezea mtu.

Siku ilifika, na Fundi hakuvunja ahadi. Alichagua mbao mwenyewe. Alipanga springi, akatandika sponji ngumu chini na laini juu, akavika kitambaa cha rangi ya kahawia iliyoiva. Mikono ya kiti aliipa upana wa kutosha kuwekea kikombe. Kilipoletwa nyumbani na kuwekwa karibu na dirisha, Bibi Pasi alikizunguka kwanza kama mtu anayekagua shuka lililotoka kwenye mashine. Kisha akageuka, akajishusha taratibu, akaegemea. Fundi alipomtazama vizuri aliona machozi yanamteremka, akaondoka kwenda kuchemsha chai ili asimwaibishe.

Miezi ile ya mwanzo ilikuwa ya raha tupu. Bibi Pasi alilala mpaka jua lipande. Alikaa dirishani akiwatazama wapita njia na kuwapa majina. Uvimbe wa miguu ulipungua. Fundi akirudi jioni alimkuta anacheka peke yake na televisheni, na moyo wake ulijaa, kwa kuwa ni wanaume wachache wanaojaliwa kuona kwa macho kwamba wamemfaa mtu.

Binti yao naye hakutaka kupitwa na baba yake. Alikuwa na kazi nzuri na moyo mwepesi wa kutoa. Alianza na mashine ya kufulia. Ikaja birika la umeme, ikaja hita ya maji bafuni. Aliposikia mama yake amebeba kikapu kizito kutoka sokoni alisikitika kama vile ni yeye aliyembebesha, akamtafutia mwanamke wa makamo wa kumsaidia kazi za nyumbani, mtu mpole waliyemwita dada. Mwisho akamnunulia simu kubwa na kumfundisha kuagiza. Nyanya zikaja kwa pikipiki mpaka mlangoni. Mkate ukaja, sabuni ikaja, hata dawa ya kikohozi ikaja. Bibi Pasi alizoea kwenda sokoni mwenyewe na kubishana na wauzaji mpaka wakimwona kwa mbali wanaanza kucheka. Sasa wauzaji wale walianza kuuliza kama yupo hai.

Hakuna aliyemnyang'anya kitu kwa ubaya. Kila kilichotoka mikononi mwake kilitolewa kwa mapenzi, kimoja kimoja, na yeye alikiachia huku akishukuru.

Fundi aliona dalili ya kwanza nyumbani kwa jirani, walipokwenda kumtazama mtoto mchanga. Wanawake walikuwa wameketi mkekani, na Bibi Pasi akakaa nao. Wakati wa kuondoka ulipofika hakuweza kuinuka. Alijisukuma kwa mikono, akapiga goti, goti likakataa. Wanawake wawili walimvuta huku wakicheka, naye akacheka kuliko wote, akasema mwenye nyumba ametia gundi mkekani. Fundi alikuwa amesimama mlangoni na viatu vya mkewe mkononi. Hakucheka.

Baada ya siku chache mkewe alimwambia kiti kimeshuka, sponji imekufa, kuinuka ni kazi. Fundi alikibonyeza kwa kiganja. Sponji ilikuwa nzima kabisa. Lakini alikichukua, akaongeza tabaka moja, akakirudisha kikiwa kirefu kidogo. Bibi Pasi alifurahi. Kabla mwaka haujaisha alilalamika tena kwamba kimeshuka, na Fundi akaongeza tabaka jingine. Alijua anachofanya. Alikuwa anapandisha kiti kadiri miguu ya mkewe ilivyokuwa inashuka, na hakuwa na ubavu wa kumwambia.

Kiu ndiyo iliyowapeleka hospitali. Bibi Pasi alikuwa anakunywa maji kama mtu aliyevuka jangwa, na macho yalikuwa yanaingia ukungu. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alisoma majibu na kuwaeleza kwamba sukari imepanda, presha nayo imepanda, na misuli ya miguu imelegea.

"Dawa nitakupa, mama, na utazimeza," alisema. "Lakini mwili wako umesahau kazi. Inabidi uuchokoze kila siku. Tembea mpaka utoe jasho. Inuka kwenye kiti bila kushika mikono yake. Nenda sokoni mwenyewe. Punguza sukari kwenye chai mpaka uizoee bila. Mwanzoni utaona tabu, na hiyo tabu ndiyo dawa yenyewe."

Bibi Pasi alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia mapajani.

"Mwanangu," alisema, "hiyo dawa mimi nimeinywa tangu hujazaliwa. Chupa nimeimaliza."

Daktari alitabasamu, Fundi pia, na mgonjwa mwenyewe. Ilikuwa baadaye, wakiwa dirisha la dawa, ndipo Fundi alipoacha kutabasamu. Alimfahamu mkewe. Utani wake ulikuwa mlango, na alikuwa ameshaufunga.

Hata hivyo walijaribu. Asubuhi ya kwanza Bibi Pasi alivaa gauni zuri na kilemba, akasema kama ni kutembezwa, basi atembezwe kama bibi harusi. Walikwenda mpaka njia panda. Alisalimiana na kila mtu, akauliza habari za ndoa na za madeni, akapumzika kwenye benchi la mshona viatu mpaka mshona viatu akachelewa kufungua kazi. Walirudi jua limeshakuwa kali, yeye anahema, shingo imetota jasho, na uso wake unang'aa. Fundi aliona mkewe ameokoka. Siku ile alipiga misumari huku anaimba.

Wakaenda tena, na tena. Halafu ikanyesha mvua, wakaacha kwa sababu ya matope. Mvua ilipokatika kidole cha mguu kilikuwa kinamuuma. Kidole kilipopona alikuwa na usingizi. Asubuhi moja Fundi alisimama mlangoni akimngoja, akamwona dada anatoka jikoni amejifunga khanga kiunoni na kuvaa raba miguuni, ana haya tele. Bibi Pasi alikuwa amemtuma akatembee badala yake.

Fundi alitafakari, akaona kwamba kusema hakutoshi, afadhali amwonyeshe. Mtu hufuata nyayo kuliko maneno. Akaanza yeye. Aliacha kupanda gari kwenda karakana, akawa anatembea kwenda na kurudi. Chai akanywa bila sukari. Hita akaipita, akaoga maji ya baridi alfajiri huku akipiga kelele za chini kwa chini, ambazo zilimfurahisha sana Bibi Pasi kitandani. Kazi ya kushona vitambaa, aliyokuwa akiifanya juu ya kigoda, akaifanyia sakafuni, ili alazimike kuinuka kila anapotaka mkasi. Wiki za mwanzo alijuta. Viungo vilimwaka, kichwa kilimgonga kwa kukosa sukari, na barabarani wenye magari waliomjua walisimama kumpa lifti, na kuwakatalia ilikuwa adhabu kubwa kuliko mwendo wenyewe.

"Umepata mke mdogo?" Bibi Pasi alimuuliza jioni moja, akimtazama anavyovuta mkanda wa suruali mpaka tundu alilolitoboa kwa msumari.

"Ningempata angenipeleka kwa gari," Fundi alijibu.

Bibi Pasi alimwambia avue suruali hiyo, akaipunguza kiuno kwa sindano, ameketi kitini, uzi ameukata kwa meno.

Basi ile tabu ikafanya kazi yake, ila ilimfanyia asiyehusika. Maumivu ya mgongo aliyokuwa nayo tangu ujana yalitoweka. Usingizi wake ukawa mzito. Alipanda ngazi za wateja amebeba fremu begani bila kusimama katikati. Kila asubuhi alipofika karakana mapafu yamefunguka na damu inakwenda mbio, alijisikia vizuri kiasi cha kuona aibu. Alikuwa ametega mtego wa mkewe, akanasa mwenyewe. Nyumbani alianza kuficha. Alijifanya anachoka. Akiinuka kitandani aliguna ili mkewe asimsikie anavyoinuka kwa wepesi.

Na mkewe aliendelea kushuka. Kutoka dirishani mpaka bafuni sasa alishika ukuta. Fundi aliona njia za upole zimemwishia. Siku moja alimwambia kitambaa cha kiti kimechakaa, atakibadilisha, akakipakia kwenye mkokoteni na kukipeleka karakana. Mahali pake aliweka kiti cha mbao tupu, kisicho na mikono. Alidhani akikosa pa kuzama atasimama. Bibi Pasi alikitazama kile kiti cha mbao. Alikwenda chumbani akapanda kitandani, akakaa huko siku hiyo na iliyofuata.

Binti yao alipiga simu analia, akamuuliza baba yake mama amekosa nini hata afanyiwe hivyo. Fundi alijaribu kumweleza alivyosema daktari. Binti alisema anajua, mama alikwisha kumsimulia, lakini mtu mzima hapewi afya kwa kunyang'anywa. Alikirudisha kiti siku hiyo hiyo, na kitambaa kile kile.

Bibi Pasi aliketi. Alimwacha Fundi amalize kukiweka sawa dirishani, kisha akamwambia asogeze kile cha mbao, akae.

"Mle kwenye mvuke," alisema, "kitu kimoja tu kilikuwa kinanisimamisha. Nilikuwa nawaza nitakavyokaa. Nilikaa kichwani mwangu kila siku, Fundi, mpaka nikajua rangi ya kiti. Wahenga si walisema mchumia juani hulia kivulini? Sasa nimefika kivulini, mnaniambia kivuli ndicho kinachoniua. Labda ni kweli. Daktari hana sababu ya kunidanganya. Lakini usinifanye nione kwamba miaka yote ile nilikuwa natamani sumu."

Fundi alitazama mikono yake. Alitaka kumwambia kwamba tabu ile na hii si ndugu. Kwamba ile ilimla na hii ingemjenga. Maneno yalikuwepo, na yalikuwa ya kweli. Lakini ya mkewe yalikuwa ya kweli pia, na yalikuwa na miaka mingi zaidi. Alimuuliza kama anataka chai. Akamtengenezea, na akaweka sukari, ingawa kidogo.

Tangu hapo hakumsemesha tena habari za kutembea.

Adhuhuri moja alisahau kipimo cha mteja nyumbani, akakirudia. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Alipokaribia jikoni alisikia sauti ya dada, ya chini, ya kubembeleza: "Tena, mama. Kidogo tu tena." Alichungulia. Bibi Pasi alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili, mgongo kwa mlango. Alikuwa anajaribu kuchuchumaa na kuinuka. Magoti yalitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Alishuka kidogo, akakwama, akavutwa na dada. Akajaribu tena. Gauni lilikuwa limelowa mgongoni. Mara ya tatu miguu ilikataa kabisa, na dada akamwahi na kiti cha mbao, akamkalisha.

Bibi Pasi alihema kwa muda. Kisha Fundi akamsikia anasema, kwa sauti ambayo hakuwahi kumsikia nayo tangu wafahamiane, "Haifai. Nimechelewa. Usimwambie Fundi kama najaribu, atapata matumaini."

Fundi alirudi nyuma kwa ncha za vidole mpaka uani. Alisimama karibu na kamba ya nguo, hajui afanye nini na uso wake. Wakati wote ule alidhani mkewe amekataa. Alimnunia kimoyomoyo, alimlaumu, akajiona yeye ndiye mwenye subira. Kumbe mtu alikuwa anapigana, tena peke yake, na anashindwa, na anamfichia kushindwa kwake kama yeye anavyomfichia wepesi. Alitamani kuingia amshike, lakini angeingia angemwondolea hata ile siri, na ilikuwa ndiyo kazi pekee iliyobaki mikononi mwake. Akatoka kimya kimya, akazunguka mbele, akakohoa kwa nguvu, akaingia kama mtu anayefika.

"Umesahau nini?" Bibi Pasi aliuliza. Alikuwa ameshafuta jasho.

"Kipimo," alisema Fundi.

Bibi Pasi aliendelea kujaribu, dada alikuja kusimulia baadaye. Karibu kila siku, Fundi akishaondoka. Kuna wiki alizoweza kidogo, na kuna wiki alizorudi nyuma. Kisha akateleza bafuni, kwenye sakafu kavu, bila sababu ya maana, akavunjika nyonga.

Hospitali walimfunga chuma na wakampa kigari cha magurudumu. Daktari yule yule alikuja kumwona. Alipomaliza, kwa sababu Fundi naye alikuwa mtu mzima na alionekana kukosa usingizi, akampima presha na sukari. Alisoma, akarudia kusoma.

"Mzee, una mwili wa kijana," alisema. "Endelea hivyo hivyo, usiache. Ungekuwa umeanza pamoja na..." Akaishia hapo, akaanza kukunja mpira wa kipimo taratibu.

"Tulianza pamoja," Bibi Pasi alisema kutoka kitandani. "Mwenzangu ndiye hakusimama njiani."

Waliporudi nyumbani Fundi aliacha kutembea. Alipanda gari kwenda karakana na kurudi, na asubuhi alikaa na mkewe dirishani, akinywa chai yenye sukari, kana kwamba afya yake ni kitu alichomwibia na akiiharibu taratibu deni litalipika. Bibi Pasi alimvumilia kwa majuma kadhaa. Kisha asubuhi moja akamwambia aondoke.

"Ukikaa hapa," alisema, "tutakuwa wawili wa kuinuliwa, na dada ni mmoja."

Fundi alisema hana moyo wa kwenda.

"Hata mimi sikuwa na moyo wa kupiga pasi. Nenda."

Akaenda. Hakukuwa na raha katika mwendo ule, na mpaka leo mara nyingi hakuna. Anapita kwa mshona viatu, anaulizwa hali ya mgonjwa, anajibu hajambo. Anafika karakana, anabana misumari midomoni, anawatengenezea watu makochi, maana hajui kazi nyingine. Mteja akitaka sponji laini zaidi anaikata na kuiweka. Siku moja alianza kumwambia mama mmoja kitu kuhusu kukaa, akaona anavyomtazama, mwanamke aliyetoka zamu, viatu mkononi, akaacha na kumpimia kiti.

Jioni dada anamaliza kazi mapema, anaenda kwake. Ni Fundi anayemtoa mkewe kitini na kumpeleka kitandani. Anachuchumaa mbele yake, anapitisha mkono mmoja chini ya magoti na mwingine mgongoni, na anasimama naye mara moja, bila kuguna. Hawezi tena kujifanya anachoka, maana Bibi Pasi sikio lake liko kifuani pake na anasikia pumzi inavyokwenda polepole.

"Taratibu, Fundi," anamwambia. "Mimi si kochi."

Anamlaza, anamnyoosha miguu, mmoja kisha mwingine, kwa kuwa yenyewe haiwezi kunyooka vizuri. Anaisugua kidogo. Miguu haijavimba tena kama zamani. Imekuwa myembamba, laini kama ya mtu ambaye hajawahi kusimama.